“Utanipa chochote tu”: rafiki anapokulipa umlelee mtoto

*Shangazi anajibu barua za wasomaji*

Shangazi, shikamoo.

Nina rafiki tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la nne. Mwaka jana likizo yake ya uzazi ilipokwisha, akaniambia, “Badala ya kumwachia mtu nisiyemjua, si nikuletee wewe, nami nitakutoa kitu kidogo.” Mimi niko nyumbani na binti yangu wa miaka 3, nashona nguo za watu. Nikamjibu, “Wee lete mtoto, utanipa chochote tu.” Makubaliano yetu yaliishia hapo.

Anamleta saa 1 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na tulielewana amchukue saa 11 jioni. Miezi mitatu ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Siku hizi saa 12 ndiyo imekuwa kawaida, na kuna siku inafika saa 1 na nusu usiku, mtoto keshachoka, kila akisikia hatua nje anakimbilia mlangoni. Mwezi uliopita alinipa nusu ya malipo akasema nyingine ataileta. Hajaileta, na mimi naona haya kumuuliza. Nepi zikiisha nanunua mimi. Nilipogusia suala la saa alicheka: “Kwani wewe ni mtu baki?”

Kilichonifanya niandike ni Ijumaa ya juzi. Alinitumia ujumbe kwamba kazi zimemzidia. Saa 2 usiku, nikiwa nimembeba mwanawe mgongoni, nikafungua simu nikakuta picha: yeye na marafiki zetu watatu wamekaa mezani wanacheka, ni siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Mimi sikualikwa. Alipokuja nilimkabidhi mtoto na mfuko wake, nikamwambia usiku mwema. Tangu siku hiyo hatuongei zaidi ya “kala, kalala”. Nataka kumwambia, ila sijui nimwambie kama rafiki au kama mtu aliyeajiriwa. Na je, nimtoze faini kila akichelewa?

*Mama Binti*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye ile picha. Nusu ya malipo inaudhi, nepi zinaudhi, lakini picha imekuuma mahali pawili kwa mpigo. Kama rafiki, hukualikwa. Kama mlezi, umefanyishwa kazi usiku kwa sababu ya uongo. Tena ni kazi yako wewe iliyomwezesha yeye kukaa kwenye ile meza! Ningekuwa mimi, hata huo usiku mwema sidhani kama ungenitoka.

Lakini hayo ni madeni mawili, na ukiyadai kwa pamoja utalipwa lile jepesi. Ukimwambia “unachelewa, hunilipi, na tena hukunialika”, atashika la mwaliko. Atakuomba radhi, pengine atalia kidogo, mtakumbatiana, na Jumatatu atakuja saa 12 na nusu. Yatenganishe. Yape hata siku tofauti.

Anza na la kazi, na hapo inabidi nikuguse wewe kwanza. “Utanipa chochote tu.” Maneno hayo nayajua kwa sababu niliwahi kuyasema.

Kabla sijaanza kufundisha watoto wadogo, nililea mtoto wa rafiki yangu kwa mwaka na miezi kadhaa. Yeye alikuwa akiniita Pacha, kwa sababu tulipomaliza shule tulishonewa magauni ya kitambaa kimoja. Akapata kazi, mimi nilikuwa na wangu ananyonya, akaniletea wake wa miezi saba. Aliponiuliza nataka kiasi gani, nikasema chochote. Niliona nikitaja kiasi nitakuwa kama nauza urafiki. Na wakati nasema chochote, kiasi nilikuwa nacho moyoni, kamili, nikingoja akipatie mwenyewe. Hakukipatia. Kila mwisho wa mwezi nikawa namkasirikia kwa kufeli mtihani ambao sikumwambia kuwa anaufanya.

Siku moja nilipita kazini kwake kumpelekea funguo. Akanitambulisha kwa wenzake: “Huyu ndiye anayeniangalizia mtoto.” Hakukosea, ndiye mimi niliyekuwa nikimwangalizia mtoto. Ila mimi nilikuwa nangojea “huyu ni Pacha wangu”, na jina hilo sikulisikia tena kinywani mwake. Badala ya kusema, nikachukua daftari la vipimo vya nguo, nikaligeuza, nikaanza kuandika nyuma: leo dakika 40, leo saa moja na robo. Kurasa kumi na moja. Sikumwonyesha hata moja. Ningemwonyesha wiki ya kwanza, ingekuwa ni hesabu ya kawaida kati ya watu wawili. Nilipoificha ikawa faili la mashtaka, na yeye akawa anakuja kuchukua mtoto kwa hakimu bila kujua.

Kwa hiyo wewe yako ifanye sasa hivi, na uifanye kwa kumwonyesha. Saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni ni saa 10. Mara siku tano, ni saa 50 kwa wiki. Hiyo ni kazi kamili, na huenda hata huko anakoajiriwa yeye hakai saa zote hizo. Sasa weka ile saa moja ya kuchelewa kila siku: saa 5 kwa wiki, saa 20 kwa wiki nne. Ni siku mbili nzima za kazi unazompa kila mwezi, na sidhani kama anajua kwamba amepewa. Yeye anahesabu dakika zake za foleni na za bosi. Za kwako hazimo kwenye hesabu yake kwa sababu hukumwambia zina thamani.

Kuhusu faini: usiitoze. Kuna jaribio moja ambalo walimu wa watoto wadogo hupenda kusimuliana. Watafiti wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto katika mji wa Haifa, Israeli, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Katika vituo 6 waliweka faini ndogo kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika 10. Wazazi wa kuchelewa waliongezeka, wakafika karibu mara mbili ya mwanzo. Faini ilipofutwa, hawakurudi walikotoka, wakaendelea kuchelewa vilevile. Kabla ya faini, mzazi alikuwa akikimbia kwa kumwonea haya mwalimu aliyebaki peke yake na mtoto. Baada ya faini haya zikaisha. Alikuwa akinunua muda, na muda wenyewe ulikuwa rahisi.

Rafiki yako bado ana haya, ndiyo maana alisingizia kazi. Usimuuzie haya zake kwa bei ya kutupa. Chagua moja kati ya haya mawili. Ama baada ya saa 11 na nusu huna nafasi, na awepo mtu wa pili mwenye jina na namba ya simu, baba wa mtoto, bibi, mdogo wake, anayekuja kumchukua yeye akikwama. Ama saa ya ziada ina malipo yake ya kweli, yanayokustahili, ameomba kabla ya saa sita mchana, na kuna mwisho, tuseme mara mbili kwa wiki. Mimi kwako naona la kwanza. Una binti yako wa miaka 3, naye anahitaji jioni yake na mama.

Kiasi cha malipo kitaje wewe. Ulizia wanaolea watoto jirani na wewe wanatoza vipi, kisha kama unataka kumpunguzia, mpunguzie kwa mdomo: “Mtu mwingine ningemtoza hivi, wewe nakutoza hivi.” Hapo hisani yako inaonekana. Ulipokuwa umesema chochote, ulikuwa unampa zawadi kila mwezi na yeye anaona anakulipa.

Usimwambie mlangoni jioni, wote mmechoka na mtoto anavuta sketi. Wala usiandike ujumbe wa simu. Ujumbe wa namna hiyo anayesoma huusoma kwa sauti ya ukali hata kama umeuandika kwa upole. Mwite Jumamosi. Anza kwa kosa lako, ni kweli na litampunguzia woga: “Niliposema utanipa chochote, nilikosea. Nataka tuanze upya, tuandike.” Halafu andikeni kwenye karatasi moja, kila mtu abaki na nakala yake: saa, malipo na tarehe ya malipo, mfuko wa nepi unaletwa kila Jumatatu, mtoto akiwa na homa ya nyuzi 38 na zaidi anabaki kwao, wewe ukiugua nani anamlea, yeye akiwa likizoni unalipwa au hulipwi. Hilo la likizo watu hulisahau kabisa, kisha mwezi unafika wa pesa pungufu na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Na mwisho wake: anayetaka kuacha anatoa taarifa ya mwezi mmoja. Kumtajia mtu namna ya kuachana siku mnayopatana kunatia aibu kidogo, najua. Mimi na Pacha hatukuwa na kipengele hicho. Siku moja mtoto hakuletwa, ya pili hakuletwa, ya tatu akaja kijana na bahasha.

Ile nusu iliyobaki idai siku hiyohiyo, kabla hamjaandika jipya. Deni la zamani lisiingie kwenye karatasi mpya.

Kisha nyamaza wiki moja hivi. Ikipita, mtafute kama rafiki, mahali ambapo mtoto hayupo wala pesa haitajwi, umwambie la picha. Mwambie na lile ambalo nadhani linakuuma kuliko mwaliko: kwamba angesema anakwenda sherehe, huenda ungemkubalia. Angekupa nafasi ya kumfanyia hisani. Amekunyima. Ukimwambia hivyo hatakuwa na pa kujificha, na wewe utakuwa hujamtukana.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu “kala, kalala”. Kasirika utakavyo, lakini makabidhiano ya mtoto yasipungue hata siku moja. Kama ameanguka akagonga kichwa, mama lazima ajue ni saa ngapi, kwa sababu usiku akianza kutapika au kulala usingizi usioamshika, inabidi akimbie hospitali, na hatakimbia asipojua. Kama umempa dawa ya homa, ajue ni saa ngapi na kiasi gani, asije akarudia. Nunua daftari dogo likae ndani ya mfuko wa mtoto, andika humo. Na la kwangu lile la kurasa kumi na moja, ninalo bado.

Shangazi,

Nina mtoto wa miezi 4. Rafiki yangu, ambaye kiumri ni dada yangu, anakuja kwangu kila siku ninapokuwa kazini. Namlipa vizuri na kwa wakati. Tatizo ni kwamba anamlaza mtoto kifudifudi. Nikisema ananijibu kwamba wanawe watatu walilala hivyo na wote ni wazima. Naonekana namfundisha kulea mtu aliyezaa kabla yangu. Zaidi ya hapo hatuna shida yoyote, hata siku hizi ananikunjia nguo na kunisafishia jiko bila kinyongo.

*Mzazi wa Kwanza*

Mwanangu, hili usilipeleke taratibu. Leo jioni mwambie. Mtoto wa umri huo hulazwa chali, usiku na mchana, kwenye godoro gumu kiasi lililo tambarare, pasipo mto wala blanketi la kumfunika uso, mpaka atimize mwaka. Uingereza walianza kampeni ya kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Wanawe watatu ni wazima, na tunamshukuru Mungu. Walio wengi waliolazwa kifudifudi walikua. Wale ambao hawakuamka mama zao hawasimulii barazani.

Mwambie kwa heshima ya umri wake, lakini lisibaki kuwa ombi: “Dada, wewe umelea watatu, mimi ndiyo kwanza najifunza kwako. Hili moja naomba lifanyike hivi kila siku, hata ukiona natia chumvi.” Msingizie daktari ukipenda, mwambie ndivyo alivyoagiza. Nina hakika ukimuuliza daktari ataagiza hivyohivyo, kwa hiyo hujasema uongo, umetangulia tu. Yakiwa mambo ya uhai wa mtoto, wewe ndiye mama, na aliye mkubwa kiumri anafuata. Mengine yote, wimbo gani anamwimbia, amemvisha soksi za rangi gani, anaongea naye kitoto au kikubwa, mwachie. Ukimsahihisha kwa kumi, la kumi na moja ambalo ndilo hatari halitasikika.

Akikataa baada ya hapo, tafuta mlezi mwingine, na ubaki naye kama dada yako. Huo si ugomvi.

Sasa na mimi nikuulize. Hizo nguo anazokunja na jiko analosafisha, mlipatana? “Bila kinyongo” umejuaje? Mtu anayekuja kwa ajili ya mtoto akiona vyombo ataviosha, kwa kuwa ni rafiki na ana mikono. Mwezi wa pili wewe unaviacha makusudi. Mwezi wa nne unashangaa leo mbona havijaoshwa. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, na humo wametenga waziwazi: mtu anayesaidia mara mojamoja tu, na si kama shughuli ya kujipatia riziki, hahesabiwi kuwa mfanyakazi. Anayekuja kila siku na kulipwa, anahesabiwa, awe rafiki yako asiwe. Na huyo anatakiwa ajulishwe kwa namna inayoeleweka ni kazi gani anafanya, saa zake, malipo yake, mapumziko yake, ambayo kwa wiki yasipungue saa 24 mfululizo, na namna ya kuachana. Ikiwezekana kwa maandishi. Nchi nyingine zimeridhia mkataba huo, nyingine bado, lakini orodha yenyewe ni ya watu wenye akili zao, waweza kuinakili. Andika “mtoto na vitu vya mtoto”. Ukitaka jiko, ongeza jiko na uongeze malipo.

Shangazi, habari za kazi?

Mimi ni baba wa watoto watatu, niko peke yangu nao. Rafiki yangu naye analea mmoja peke yake. Tumefikiria tubadilishane zamu: Jumamosi moja nawachukua wote mimi, Jumamosi inayofuata yeye. Pesa hatutaki kabisa, ndiyo inayoharibu urafiki. Wasiwasi wangu ni kwamba mimi naleta watatu, yeye mmoja. Tena mdogo wangu yuko kwenye umri wa kuuma wenzake. Je, ni haki?

*Baba Watatu*

Nzuri, baba. Wazo lenu ni zuri, ila usidhani kwamba pesa ikitoka na hesabu inatoka. Miaka ya 1970, mtaa wa Capitol Hill mjini Washington, wazazi wa kaya zipatazo 150 walikuwa na chama cha kulindiana watoto bila pesa. Walitumia kuponi, moja ni nusu saa. Ikafika wakati kila mtu anaweka akiba ya kuponi, hakuna anayetoka jioni, na hivyo hakuna wa kulindiwa mtoto. Wakachapisha nyingine, watu wakatoka. Zikazidi mno, sasa wote wanataka kutoka na walezi hawapatikani. Mume na mke waliokuwa wanachama waliliandikia makala mwaka 1977, na wachumi wanaitumia mpaka leo kuelezea mzunguko wa fedha. Hao walikuwa majirani wema tu wenye watoto.

Hata serikali wakati mwingine hazioni tofauti kubwa kati ya kulipana pesa na kubadilishana zamu, kama unavyoiona wewe. Uingereza mwaka 2009 polisi wawili wanawake, marafiki waliogawana kazi moja, walikuwa wakileleana watoto kwa zamu bila kupeana hata senti. Wakaguzi wakawaambia kwamba huduma kwa huduma ni malipo, kwa hiyo walipaswa kusajiliwa kama walezi. Kelele zikawa kubwa hadi serikali ikaingilia kati. Ninyi wa Jumamosi moja moja sidhani kama yupo wa kuwagongea mlango, lakini mkipanua mpango ukawa wa kila siku, ulizeni sheria ya mlipo.

Watatu kwa mmoja: hesabuni zamu, msihesabu vichwa. Yule mmoja wa mwenzio siku anapokuwa kwako anacheza na wako, hata kazi inakupungukia. Wako watatu wakiwa kwake, mwanawe hana upweke. Lakini mkubaliane kwamba baada ya zamu nne mtakaa chini na kila mmoja ataulizwa kama imemlemea, na ajibu kwanza yule ambaye mzigo wake ni mkubwa, yaani mwenzio, wewe ukiwa umenyamaza.

Na huyo mdogo anayeuma, mwambie rafiki yako Ijumaa.